Timu haishushwi na Simba wala Yanga: barua ya wazi kwa viongozi wa klabu zinazopanda Ligi Kuu

KWA: Wenyeviti, watendaji wakuu na kamati za utendaji za klabu zilizopanda Ligi Kuu Tanzania Bara
NAKALA: Wakurugenzi wa halmashauri zinazomiliki timu, Bodi ya Ligi

YAH: WIKI ZILIZOBAKI KABLA YA MECHI YA KWANZA

Waheshimiwa,

Hongereni kwa kupanda. Msafara umezunguka mji, mkuu wa mkoa amepiga picha na wachezaji, wabunge wameahidi kila mmoja na lake. Sasa turudi ofisini.

Tunaoandika ni watu wa kazi zisizoonekana kwenye picha ya timu: meneja wa timu, mhasibu, mtunza uwanja na yule anayeshinda kwenye kompyuta akihangaika na usajili. Tuna neno moja la kuwaambia. Timu nyingi zinazopanda huanza kushuka ofisini, kati ya Mei na Agosti. Mzunguko wa pili huja kutangaza tu jambo lililokwisha kuamuliwa.

Kumbukumbu za karibuni zinatosha. Msimu wa 2020/21 zilipanda Dodoma Jiji, Gwambina na Ihefu. Dodoma Jiji wakabaki, wale wawili wakarudi walikotoka. Msimu wa 2021/22 wakapanda Mbeya Kwanza na Geita Gold. Mbeya Kwanza wakashuka moja kwa moja. Geita Gold wakamaliza nafasi ya nne, mshambuliaji wao George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, na klabu ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Msimu wa 2024/25 Pamba Jiji walibaki, Ken Gold wakashuka. Wote hawa walipita mlango mmoja na kucheza na wapinzani wale wale.

Hesabu ya kubaki haina uchawi. Ligi ina timu 16 na kila timu inacheza mechi 30. Timu mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinaingia kwenye mchujo. Mechi dhidi ya Simba na Yanga ni nne tu. Ongeza Azam, zinakuwa sita. Chukulieni kwamba zote sita mmepoteza. Zinabaki 24, nusu nyumbani na nusu ugenini. Nyumbani shindeni saba na sare tatu: pointi 24. Ugenini shindeni moja na sare tano: pointi nane. Jumla 32, na kwa mwenye pointi 32 kushuka moja kwa moja ni jambo la nadra. Kwa hiyo bajeti, usajili na maandalizi yenu vilenge zile mechi 12 za nyumbani dhidi ya timu za saizi yenu. Kiongozi anayetumia nusu ya akili yake na robo ya fedha zake kuiwaza mechi ya Yanga amekosea hesabu.

Tuanze na karatasi, maana ndizo zinazoua mapema kuliko kitu kingine. Agosti 2023 klabu iliyopanda kwa jina la Kitayosce, wakati huo ikiwa imeshakuwa Tabora United, ilifungua msimu dhidi ya Azam pale Chamazi ikiwa na wachezaji wanane tu, kwa sababu usajili wa wengine haukuwa umekamilika. Sheria za mchezo zinasema timu ikibaki na wachezaji chini ya saba mchezo hauendelei. Wakaumia, wakapungua, mwamuzi akamaliza mpira kipindi cha kwanza Azam wakiwa mbele kwa mabao 4-0. Kikosi kilikuwepo mjini. Kilichokosekana ni uhalali wa kucheza. Msimu ule Tabora walijiokoa kwa mchujo, lakini si kila anayeanza hivyo hupona.

Mchezaji anayetoka nje ya nchi anahitaji vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina ofisi yake: hati ya uhamisho wa kimataifa kupitia mfumo wa TMS wa FIFA, kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Hakuna hata kimoja kinachopatikana kwa simu ya mheshimiwa siku moja kabla ya mechi. Kanuni zinaruhusu maproo (wachezaji wa kigeni) 12, na viongozi wapya hupenda kuijaza nafasi hiyo yote. Msifanye hivyo. Wanne au watano wenye vibali kamili kufikia mwisho wa Julai wana faida kuliko 12 ambao saba kati yao wanatazama mechi tatu za kwanza jukwaani huku wakilipwa.

Halafu kuna kifungu ambacho klabu nyingi hukijua baada ya kuumia. Kanuni za FIFA haziruhusu mkataba kutegemea majibu ya vipimo vya afya au kupatikana kwa kibali cha kazi. Ukishasaini, umesaini. Goti likionekana bovu kesho yake, mshahara ni wako mpaka mkataba uishe. Kwa hiyo vipimo kwanza, kalamu baadaye. Na vipimo maana yake ni moyo, goti, kifundo cha mguu na nyonga kwa daktari mwenye mashine. Kuruka kamba mbele ya kamati ya usajili hakumo.

Kuhusu mishahara. Mchezaji asipolipwa miezi miwili anaweza kuiandikia klabu, akaipa siku 15, na asipolipwa akavunja mkataba kwa sababu halali. Atadai pia fidia ya mkataba uliobaki. Kwa upande mwingine, deni lililopita siku 30 bila sababu ya msingi linaweza kufikishwa FIFA baada ya notisi ya maandishi ya siku 10, na adhabu yake yaweza kuwa kufungiwa kusajili. Mnajua maana yake Desemba, dirisha dogo likiwa wazi nanyi mko nafasi ya 15: mlango upo ila ufunguo umeshikwa Zurich. Deni lenyewe mara nyingi ni dogo, mshahara wa miezi mitatu wa kiungo aliyeondoka msimu uliopita na barua zake hazikujibiwa. Kagueni madeni ya msimu wa Championship (ligi iliyo chini ya Ligi Kuu) leo, mlipe au mkubaliane kwa maandishi ratiba ya kulipa, kabla hamjamsajili hata mtu mmoja.

Bajeti ya mishahara huandikwa vibaya kwa namna ile ile kila mwaka: mchezaji anakubaliana na mwenyekiti fedha ya mkononi, mhasibu anaandika hiyo hiyo kwenye kitabu. Mchezaji anayepokea Sh. 1,500,000 mkononi, ukirudisha kodi ya mapato na asilimia 10 yake ya NSSF, mshahara wake ghafi ni kama Sh. 2,108,000. Ongeza asilimia 10 ya mwajiri, klabu inatoa zaidi ya Sh. 2,300,000. Kwa wachezaji 25 tofauti hiyo inazidi milioni 20 kwa mwezi, na haikuwekwa popote. Ndiyo maana ikifika Novemba fedha zinaisha ghafla na kila mtu anamtazama mhasibu kama mwizi.

Timu za halmashauri zina tatizo lao la ziada. Baraza la madiwani hupitisha bajeti mapema mwaka, timu inapanda Mei, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Kwa hiyo kifungu cha timu kilichomo kwenye bajeti ni cha Championship. Mkurugenzi akisubiri mapitio ya bajeti ya nusu mwaka, msimu umeshafika katikati. Dawa ni kuandaa makadirio mawili tangu Februari, la kubaki na la kupanda, na kulipeleka la pili kwa madiwani timu ikiwa bado inapigania nafasi. Wengine huona ni mkosi kupanga kupanda kabla ya kupanda. Mkosi mkubwa ni kwenda kambini Julai bila fedha ya kifungua kinywa.

Mapato nayo yahesabiwe kwa kiasi. Azam Media ilisaini mwaka 2021 mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya Sh. bilioni 225.6, na mgawo wake ndio uti wa mgongo wa klabu ndogo. Ufungieni mishahara tu. Usiguswe kwa mafuta ya basi wala posho za vikao. Mlangoni msitegemee sana. Tiketi ina VAT, kisha uwanja, kisha makato mengine, na kinachobaki mechi ya Jumanne saa 8:00 mchana hakitoshi hata kulipa hoteli ya mechi inayofuata. Ahadi za jukwaani zisiingie kwenye bajeti kabisa. Motisha iandikwe kwenye karatasi moja, kiwango cha ushindi nyumbani, ugenini na sare ya ugenini, isainiwe kabla ya mechi ya kwanza na ilipwe ndani ya siku saba. Mgeni rasmi anayeingia vyumbani na kuahidi milioni tano halafu asionekane tena ameiharibu timu kuliko asingekuja.

Hapa ndipo linapoingia lile la kuhamisha mechi ya Simba au Yanga. Mnalijua: timu ina uwanja wake, lakini mechi kubwa inapelekwa mji mwingine wenye uwanja mkubwa ili mlango ujae. Fedha inapatikana, hatukatai. Lakini Novemba 29, 2022, Yanga waliingia Mbarali wakiwa hawajafungwa kwenye ligi mechi 49, na Ihefu, waliokuwa wamerejea ligi msimu ule ule na kuuanza vibaya sana, wakawafunga 2-1 pale kwenye uwanja wao wa Highland Estate. Oktoba 2023 wakawafunga tena 2-1 hapo hapo. Uwanja ule si mkubwa, na safari ya kuufikia inachosha. Hiyo ndiyo faida ya mwenyeji. Mkiihamisha mechi mnauza pamoja nayo vumbi, joto au baridi yenu na mashabiki wanaojua jina la kila mchezaji, kisha mnawapa wapinzani mji wenye matawi yao mengi kuliko yenu. Kama lazima muhamishe, hamisheni moja, tena ile ya mwisho wa msimu endapo mko salama.

Sasa uwanja, na hapa mtatuvumilia tukirefuka.

Viwanja vingi mikoani ni mali ya CCM, vingine vya halmashauri au shule. Mkataba wa matumizi uandikwe kabla ya Julai, ukisema nani anamwagilia, nani ana ufunguo wa vyumba, na kwamba hakuna tamasha wala mkutano ndani ya siku 10 kabla ya mechi. Jukwaa moja la muziki katikati ya uwanja, na magari mawili ya spika, hushindilia udongo kwa namna ambayo mvua ya kwanza inaonyesha dimbwi pale pale yalipopita magurudumu.

Kosa kubwa tunaloliona ni kufumua nyasi zote baada ya kupanda. Vipandikizi vinahitaji wiki 8 hadi 12 kushika na kufunga, na hiyo ni penye joto. Mbeya mwezi Juni na Julai usiku ni baridi kali, nyasi hazikui. Mkifumua Juni, Agosti mtaomba uwanja wa jirani na kupoteza mechi tano au sita za nyumbani mkiwa wageni. Fanyeni kidogo kidogo: zibeni vipara kwenye maboksi ya magoli na njia ya mshika kibendera, mengine yatunzwe yalivyo.

Vipimo ni hivi. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una eneo la mita za mraba 7,140. Maji ya milimita tano ni karibu lita 36,000, yaani magari manne ya lita 10,000 kwa kila umwagiliaji ukihesabu na kingo. Kiangazi mwagilieni mara tatu kwa wiki, alfajiri, maji yazame. Kunyunyiza kila siku juu juu kunafanya mizizi ibaki juu na nyasi zing'oke kwa kiatu. Kata nyasi milimita 25 hadi 30, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Mbolea ya CAN mifuko miwili ya kilo 50 inatosha uwanja mzima kwa mwezi, imwagwe nyasi zikiwa kavu na imwagiliwe mara moja. Ikibaki juu ya majani yenye umande inaunguza. Udongo wa mfinyanzi utobolewe sentimita 10 kwa uma wa bustani au roli lenye meno, halafu mchanga wa mto uliochekechwa utandazwe unene wa milimita tatu, ambao ni meta za ujazo kama 21, tipa mbili kubwa. Mchanga wa baharini hapana. Chumvi itaua kila kitu. Gharama ya haya yote kwa msimu ni ndogo kuliko ada ya kumsajili straika mmoja wa wastani, na yanawasaidia mastraika wote.

Ukaguzi wa uwanja hauangalii nyasi tu. Vyumba vya kubadilishia, maji ya bomba bafuni, chumba cha waamuzi, uzio, benchi za akiba, njia ya gari la wagonjwa. Kuhusu gari la wagonjwa, wekeni mawili. Likiwepo moja likampeleka majeruhi hospitali, mpira unasimama mpaka lirudi, na kama halikuwepo kabisa mwamuzi haanzishi. Pointi za mchezo usiochezwa kwa uzembe wa mwenyeji huwa haziendi kwa mwenyeji.

Tukiwa hapo hapo: faini. Someni taarifa za Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi na mtaona klabu zinaadhibiwa kwa mambo yale yale. Timu imeingia uwanjani kwa mlango usio rasmi. Timu imekataa kutumia chumba chake. Kikao cha maandalizi ya mchezo kimehudhuriwa na maofisa pungufu. Basi limechelewa. Anayewashauri kwamba mlango wa nyuma una bahati, mwambieni alipe faini yeye. Faini moja haina uzito, kumi ni mshahara wa beki wa kati.

Usajili wenyewe. Bakisheni wachezaji 14 au 15 waliopandisha timu, ongezeni wanane au tisa. Kipa aliyezoea Ligi Kuu, mabeki wawili wa kati, kiungo mkabaji, na mshambuliaji anayefunga kwa nafasi chache, maana Championship mlitengeneza nafasi nane kwa mechi na sasa mtapata tatu. Tofauti kubwa ya ligi hizi mbili tunaiona kwenye mabeki: kosa ambalo kule lilikuwa kona, huku ni goli. Mwenye jina kubwa aliyekaa miezi sita bila timu atahitaji wiki sita za kurudisha pumzi, na akija dirisha dogo wiki hizo ni mechi sita au saba. Ken Gold walijaza wazoefu wenye majina Januari 2025, wakashuka hata hivyo. Dirisha dogo ni la kurekebisha sehemu mbili au tatu. Halijengi timu.

Kocha aliyepandisha timu asiondolewe kwa sababu tu hana leseni ya kutosha Ligi Kuu. Mnaweza kumweka msaidizi mwenye sauti chini ya kocha mwenye leseni, mradi wakubaliane mapema nani anapanga kikosi. Na mkataba wa kocha mkuu uwe na kifungu cha kuachana kwa mishahara ya miezi miwili au mitatu. Bila hicho, ukimfukuza Oktoba unamlipa mpaka Juni huku unamlipa na aliyemrithi.

Safari ni fupi kueleza. Mbeya hadi Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 800, na basi kubwa kwenda na kurudi litakunywa dizeli kama lita 600. Kigoma na Bukoba ni mbali zaidi. Safari inayozidi kilomita 600 ondokeni siku mbili kabla, mlale njiani usiku mmoja, mazoezi mepesi ya nusu saa mkishuka. Tangu 2024 treni ya SGR inaunganisha Dodoma na Dar es Salaam. Timu za kanda ya kati na ya magharibi zinaweza kuacha basi Dodoma na kuokoa miguu ya wachezaji. Mechi ya saa 10:00 jioni, chakula kiliwe saa 7:00 mchana, wali au ndizi na kuku asiye na mafuta mengi. Chipsi za njiani Morogoro zisubiri safari ya kurudi.

Kwa Bodi ya Ligi tuna maombi matatu. Ukaguzi wa viwanja vya timu zilizopanda ufanyike mara tu zinapopanda, na ripoti itolewe kwa maandishi ndani ya siku saba, ili marekebisho yapate Juni na Julai yote. Kuufungia uwanja wiki ya mechi ya kwanza kunamwadhibu mwenyeji kwa muda ambao hakupewa. Pili, viporo (mechi zilizoahirishwa) vinavyotokana na Simba, Yanga na wengine kucheza mashindano ya Afrika vitangazwe walau siku 14 kabla, kwa sababu klabu ndogo ikishalipa hoteli Dar es Salaam haina fedha ya kulipa tena wiki inayofuata. Tatu, tarehe za kutoa mgawo wa fedha za televisheni zichapishwe pamoja na ratiba ya msimu, na zikichelewa klabu zijulishwe kwa barua ambayo mhasibu anaweza kuwaonyesha wachezaji tarehe 30.

Ni sisi,
Watumishi wa klabu za soka, Tanzania Bara